Maporomoko ya Maji Duniani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya naulizwa kila nikiweka picha ya maporomoko mahali, na mengi yanajirudia, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Kama una haraka soma la 5 na la 10, ndo yanayochanganya watu zaidi.

## Mambo ya mwanzo

1. Maporomoko ya maji ni nini hasa, na kwanini kila mara unasema "ya maji"?

Ni pale mto unapofika ukingoni mwa mwamba na maji yakashuka ghafla badala ya kuteremka taratibu. Yanaweza kushuka wima moja kwa moja hewani, au kwa ngazi ngazi, au yakawa yanakimbia kwenye mwinuko mkali juu ya mawe. Hapo hakuna mpaka mmoja uliokubalika, kuna sehemu mwingine anaita maporomoko na mwingine anaita mto wenye mawe tu, na utaona kwenye swali la 5 ugomvi unaoletwa na hilo.

"Ya maji" naiweka makusudi. Ukisema maporomoko peke yake, mtu wa Hanang anakumbuka matope ya Desemba 2023 yaliyoua ndugu zake. Ni neno zito kwa watu wengi, ongeza hayo maneno mawili hayagharimu kitu.

2. Yanatokeaje?

Mara nyingi ni hadithi ya mwamba mgumu kulalia mwamba laini. Maji yanaula ule laini wa chini, ule mgumu wa juu unabaki umening'inia kama ubaraza, siku ukizidiwa unavunjika, alafu kazi inaanza upya. Kwa hiyo maporomoko yanatembea, yanarudi nyuma kuelekea mto unakotoka. Niagara imerudi nyuma kama kilomita 11 ndani ya miaka 12,000 hivi, na lile bonde jembamba lililopo chini yake ndo alama ya njia iliyopita.

Victoria ni tofauti kidogo, pale mwamba ni wa volkano, mgumu wote, lakini una nyufa kubwa zilizojaa udongo laini na Zambezi inachimba ufa mmoja mpaka unaisha alafu inahamia unaofuata. Ukiangalia picha ya kutoka juu utaona mabonde ya zigizaga chini ya maporomoko, kila kona ile ilikuwa ukingo wa maporomoko zamani. Mimi picha hiyo naweza kuikodolea macho nusu saa.

3. Kwanini maji yanakuwa meupe?

Hewa. Maji yakishuka yanachanganyika na mapovu mengi madogo na mapovu yanatawanya mwanga wa rangi zote. Na mapovu hayo hayo ndo yanaua waogeleaji, ona swali la 13.

## Yapi makubwa, yapi marefu

4. Marefu kuliko yote duniani ni yapi?

Kerepakupai Merú, yale yanayojulikana zaidi kama Angel Falls, yako Venezuela kwenye hifadhi ya Canaima. Mita 979, na kati ya hizo mita 807 maji yanashuka bila kugusa mwamba. Kwa ndugu zetu walioko Dubai, Burj Khalifa ina mita 828, yani ukiisimamisha pale chini maporomoko bado yanaizidi mita 151. Maji yanashuka umbali mkubwa kiasi kwamba mengi yanageuka ukungu kabla hayajafika chini.

Namba mbili kwa kawaida wanaitaja Tugela ya Afrika Kusini, kwenye milima ya Drakensberg, mita 948, ingawa yanashuka kwa ngazi kadhaa na wapo wanaobisha kwamba yakipimwa upya ndo yatakuwa ya kwanza. Ila Tugela kijito chake ni chembamba, kiangazi unaweza ukafika ukaona mstari tu wa maji.

5. Sasa makubwa kuliko yote? Kila mtu ananiambia jina lake

Na kila mtu ana haki, kwa sababu hamjakubaliana mnapima nini. Urefu ni swali la 4. Upana ni Khone Phapheng huko Laos, Mto Mekong unatawanyika kwenye visiwa na ukijumlisha vijito vyote unapata zaidi ya kilomita 10, lakini kimo chake ni kidogo sana, ukisimama hapo huwezi hata kuyaona yote. Wingi wa maji, hapo dunia nzima inakuja Kongo: Inga, karibu na Matadi, na Boyoma, karibu na Kisangani (swali la 9). Boyoma inapitisha kama mita za ujazo 17,000 kwa sekunde, Niagara ni kama 2,400. Fanya hesabu mwenyewe alafu jiulize ni watu wangapi wamewahi kukutajia Boyoma.

Wanaobisha wanasema Inga na Boyoma sio maporomoko kamili kwa sababu maji hayashuki wima. Sawa, ila Khone Phapheng nayo haishuki sana wima na hakuna anayeinyima nafasi yake kwenye orodha. Mimi naziweka Inga na Boyoma kwenye orodha bila wasiwasi.

Na ukitaka pazia moja kubwa la maji, upana ukizidisha na kimo, basi ni Victoria: mita 1,708 kwa 108.

6. Victoria, Niagara na Iguazu, niende wapi kama pesa inatosha sehemu moja tu?

Iguazu ni ya kutembea: maporomoko kama 275 yaliyotawanyika msituni mpakani mwa Argentina na Brazil, jina lake kwa lugha ya wenyeji ni "maji makubwa", upande wa Argentina unapita katikati yake na upande wa Brazil unayaona yote kwa mbali. Niagara ni ya kufika kirahisi, mji upo pale pale, na kama una ndugu Toronto au New York unaunganisha safari, ila watu wengi wanashtuka kwamba kimo chake ni kama mita 57 tu, ni karibu nusu ya Victoria. Mtu wa Afrika Mashariki akiniuliza namwambia Victoria, kwa bei na kwa barabara, na kwa sababu nitakazosema kwenye swali la 7.

7. Ni kweli Livingstone aligundua Victoria?

Alifikishwa. Wenyeji walimpeleka kwa mtumbwi mpaka kwenye kisiwa kilichopo ukingoni, Novemba 1855, akayaona na kuyapa jina la malkia wake. Wao walikuwa na jina lao siku nyingi, Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Lisikilize vizuri hilo jina wewe mwenye Kiswahili: mosi ni moshi, oa ni "wa" yetu ile ile. Huhitaji mkalimani, ni lugha ya binamu. UNESCO walipoyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1989 waliandika majina yote mawili.

Na sio hapo tu. Maporomoko ya Nile ya Bluu kule Ethiopia jina lake la Kiamhari, Tis Issat, nalo lina moshi ndani yake. Watu wawili tofauti kabisa, mito miwili tofauti, wote walisimama mbali wakaona moshi kabla hawajaona maji.

Angel nayo ni hivyo hivyo. Jimmie Angel alikuwa rubani wa Kimarekani, mwaka 1937 alitua juu ya mlima Auyán-tepui ndege ikazama kwenye tope, ikabidi yeye na mke wake na wenzao wawili washuke kwa miguu siku 11. Ushujaa ni ushujaa, sina neno, ila Wapemon, wenyeji wa pale, walikuwa wanaishi chini ya maji hayo muda wote.

## Ya kwetu

8. Afrika Mashariki tuna yapi ya kujivunia?

Nianze na Kalambo kwa sababu ndo yanayoniuma. Yako mpakani mwa Tanzania na Zambia, mkoa wa Rukwa upande wetu, maji yanashuka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 220 alafu mto unaelekea Ziwa Tanganyika. Mara mbili ya Victoria kwa kimo! Korongo ndege wakubwa wanataga kwenye genge lake. Na mwaka 2023 wanasayansi walitangaza kwamba hapo juu ya maporomoko wamekuta magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na mikono ya watu miaka kama 476,000 iliyopita, kabla hata binadamu wa aina yetu hajatokea. Hakuna kazi ya mbao kama hiyo ya zamani kuliko hiyo iliyopatikana popote. Alafu unakutana na mtu wa Sumbawanga hajawahi kufika.

Uganda kuna Murchison, Nile nzima inabanwa kwenye mwanya wa kama mita 7 alafu inalipuka chini mita 43. Enzi za Idi Amin yaliitwa Kabalega, jina la mfalme wa Bunyoro, na wazee wengine bado wanatumia hilo.

Kenya, Thomson's Falls pale Nyahururu, mita 74, uzuri wake ni kwamba unashuka kwenye gari la abiria na muda sio mrefu uko kwenye ukingo. Tanzania pia kuna Sanje ndani ya Udzungwa, kama mita 170, njia ya kupanda inatoa jasho kweli lakini huko unaweza kumuona kima wa Sanje (Sanje mangabey) anayepatikana milima hiyo tu. Moshi kuna Materuni, wengi wanaunganisha na kahawa ya Wachaga.

Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, sio marefu. Ila Aprili 1994 watu kama laki mbili na nusu walivuka daraja lililo juu yake ndani ya siku moja hivi wakikimbia vita na mauaji, na mto ule ulikuwa unabeba maiti. Ukipita pale, simama kidogo. Leo kuna mtambo wa megawati 80 unaogawana umeme Tanzania, Rwanda na Burundi.

9. Boyoma ni wapi na Wagenia ni akina nani?

Boyoma ni maporomoko saba yaliyofuatana kwenye Lualaba, zaidi ya kilomita 100, yanaishia Kisangani na hapo ndo mto unaanza kuitwa Kongo. Kwenye ramani za zamani ni Stanley Falls, na mwaka 1887 gavana wake alikuwa Tippu Tip, mtu wa Zanzibar, kwa hiyo Kiswahili pale sio mgeni.

Wagenia ni wavuvi wa yale ya mwisho. Wanasimika miti mikubwa kwenye mashimo ya mwamba katikati ya maji yanayokimbia, wanaifunga kwa kamba za msituni, alafu wananing'iniza vikapu vikubwa vyenye umbo la koni vinavyomeza samaki. Hakuna msumari. Kila siku mtu anapanda pale juu, maji chini yake yanaweza kumbeba na asionekane tena, na anavitoa na kuvirudisha kama kazi ya kawaida.

## Kwenda kuona

10. Mwezi gani ni mzuri kwa Victoria?

Hili ndo linaharibu safari za watu. Mvua kwa kule inanyesha kuanzia Novemba mpaka Machi, lakini maji yanachukua muda kusafiri kutoka juu, kwa hiyo mto unajaa zaidi Machi mpaka Mei, wakati mvua imeshakata. Aprili unapata ngurumo na moshi wa kutosha ila kuona huoni, ukungu unafunika kila kitu na unalowa kama umetumbukia. Oktoba na Novemba upande wa Zambia unaweza kukuta ukuta wa mwamba mkavu. Mimi nilienda Oktoba mara ya kwanza kwa sababu tiketi ilikuwa rahisi, nikasimama pale naangalia mawe, nusura nilie.

Nenda Juni, Julai au Agosti. Maji bado yapo na macho yanaona.

Kanuni hii inafanya kazi karibu kila sehemu: usiulize mvua inanyesha lini, uliza mto unajaa lini. Maporomoko ni maji, mwamba upo mwaka mzima.

11. Upande wa Zambia au Zimbabwe? Na nafikaje kutoka Dar?

Zimbabwe unaona sehemu kubwa zaidi ya pazia na haikauki kirahisi. Zambia unakaribia zaidi. Kuna daraja la tangu 1905 kati ya nchi hizi na watu wanavuka kwa miguu, kama unaweza fanya pande zote mbili. Mambo ya viza yanategemea pasi yako, na kuna viza moja ya pamoja ya nchi hizo inayoitwa KAZA, uliza ubalozini kabla hujafunga begi.

Kwa bajeti ndogo njia ya TAZARA ni kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, unashuka unapanda basi mpaka Lusaka alafu Livingstone, na mji uko kama kilomita 10 tu kutoka kwenye maporomoko. Ratiba ya treni ithibitishe stesheni wiki hiyo hiyo unayosafiri, usiamini ya mwaka jana, na ukiambiwa saa fulani weka akiba ya siku nzima mbele.

12. Lile bwawa la ukingoni watu wanaloogelea kwenye video ni kweli?

Kweli, linaitwa Devil's Pool, kwenye Kisiwa cha Livingstone upande wa Zambia. Kuna mwamba chini ya maji unaozuia usisukumwe. Linafunguliwa maji yakipungua tu, kama katikati ya Agosti mpaka katikati ya Januari hivi, na unaenda na mwongoza wageni. Usiende mwenyewe hata kama umeona video mia.

13. Naweza kuogelea chini ya maporomoko madogo ya kijijini kwetu?

Waulize wenyeji, na wakisema hapana usibishane nao. Wazee walisema maji usiyoyafika hujui wina wake, na hapa ni kweli kabisa: yale mapovu ya swali la 3 yanafanya maji yawe mepesi, mwili hauelei vizuri, na chini ya pazia kuna mzunguko unaokuvuta urudi pale pale unapotoka. Fundi wa kuogelea anazama hapo.

Kingine ni mvua ya mbali. Ulipo jua linawaka, kule mlimani inanyesha, ghafla maji yanabadilika rangi kuwa ya udongo na majani yanaanza kupita. Ukiona hivyo toka, acha nguo, acha simu, toka kwanza.

Na selfi za ukingoni: mawe yale yana utelezi wa kijani ambao kwenye picha hauonekani. Piga picha umekaa, au mpe mwenzako akupige ukiwa hatua tano ndani. Nakuomba.

14. Upinde wa mvua wa usiku upo kweli?

Upo. Mwezi ukiwa mpevu na ukungu ukiwa mwingi unatokea upinde hafifu, kwa macho unaonekana kama mweupe, kamera ndo inaleta rangi. Victoria wanafungua geti usiku kwa ajili hiyo siku za mwezi mpevu. Kwa ule wa mchana, jua liwe mgongoni kwako, basi.

## Umeme

15. Bwawa la umeme linaua maporomoko?

Linaweza, na limeshafanya. Guaíra, mpakani mwa Brazil na Paraguay, yalikuwa kati ya maporomoko yenye maji mengi kuliko yote duniani. Oktoba 1982 bwawa la Itaipu lilijaa na yakazama, yamekwisha, sasa ni ziwa tulivu. Mwaka ule ule Januari watu walikuwa wamefurika kuyaaga na daraja la miguu likakatika, wakafa zaidi ya 30.

Lakini Itaipu ina megawati 14,000, na mtoto anayesoma kwa kibatari hana muda na pazia langu la maji, hilo nalielewa. Kuna njia ya kati. Niagara, kwa mkataba wa 1950 kati ya Marekani na Kanada, mchana wa msimu wa watalii lazima wapitishe kama mita za ujazo 2,832 kwa sekunde, usiku na msimu wa baridi nusu yake, mengine yanaenda kwenye mitambo. Yani unachokiona pale kimepangwa kwenye karatasi. Sio aibu, ni makubaliano, na ndo ninachotamani kifanyike kabla ya bwawa na sio baada ya kulia.

16. Chura wa Kihansi ana uhusiano gani na haya?

Ndo mfano wetu wenyewe. Mto Kihansi kusini mwa Udzungwa unashuka zaidi ya mita 800 kwenye korongo, na pale penye ukungu wa maporomoko, eneo la hekta chache tu, walikuwa wanaishi vyura wa njano wadogo kama kucha ya dole gumba, wanaozaa watoto badala ya kutaga. Hawapo sehemu nyingine yoyote duniani. Walijulikana mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 umeshaanza kujengwa.

Mwaka 2000 maji karibu yote yakaelekezwa kwenye mtambo, ukungu ukakatika. Wakafunga mabomba ya kunyunyizia maji kuigiza ukungu, vyura wakapata nafuu, alafu mwaka 2003 wakaporomoka ghafla, ugonjwa wa fangasi ukiwa mmojawapo wa washukiwa wakubwa. 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Kilichowaokoa ni kwamba mapema walichukuliwa 499 kupelekwa Marekani, kwenye zuu ya Bronx, wakazaliana kule, 2010 wakarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Watu wanauliza "chura mmoja ana thamani gani". Swali zuri zaidi ni kiasi gani cha maji kingebaki mtoni bila taa kuzimika, na hilo mtu angeweza kulikokotoa kabla ya zege kumwagwa.

## Maswali ya ajabu ajabu

17. Niagara iliwahi kukauka?

Mara mbili kwa namna tofauti. Machi 1848 barafu iliziba mdomo wa mto, maji yakakata zaidi ya siku nzima, watu wakatembea kwenye sakafu ya mto wakiokota vitu. Na 1969 wahandisi wa jeshi la Marekani walizima makusudi upande wa Marekani, Juni mpaka Novemba, wachunguze mwamba. Ule upande mkubwa, Horseshoe, uliendelea.

18. Kuna mtu kweli alishuka Niagara ndani ya pipa?

Annie Edson Taylor, mwalimu, Oktoba 24, 1901, siku anatimiza miaka 63. Alitoka mzima. Waliomuiga baadaye kuna waliokufa, na leo ni kosa kisheria.

19. Ni kweli Wachina waliweka bomba juu ya maporomoko?

Ndiyo, Yuntai, mkoa wa Henan, mita 314. Juni 2024 mtu mmoja alipanda juu akarekodi bomba linamwaga maji, na hifadhi ikakubali kwamba wanaongezea kiangazi ili wageni wasiondoke na huzuni. Wengi walikasirika. Mimi nakumbuka Oktoba yangu (swali la 10) naelewa kishawishi, ila wangeandika getini, basi.

20. Yale ya damu Antaktika ni damu?

Ni chuma. Maji ya chumvi yenye chuma yaliyofungiwa chini ya barafu ya Taylor yanatoka, yanakutana na hewa, yanapata kutu. Yamejulikana tangu 1911.

21. Nimesikia makubwa kuliko yote yako chini ya bahari?

Yapo, kati ya Greenland na Iceland. Maji ya baridi kutoka kaskazini ni mazito, yakifika kwenye tuta la sakafu ya bahari yanateremka chini ya maji ya vuguvugu, kama mita 3,500 kushuka, zaidi ya mita za ujazo milioni 3 kila sekunde. Lakini hayashuki wima, ni mteremko mrefu, hakuna sauti wala moshi, na meli inapita juu bila nahodha kujua. Kwenye swali la 4 sikuyahesabu kwa sababu aliyeniuliza alitaka mahali pa kwenda kusimama.